Neno Walilotaka Kumwita Mama

Kiptere,
Kericho.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipruto,

Chamgei. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho mwezi wa sita kimekuacha. Unakula nini siku hizi huko ugenini? Eliakim unayeishi naye bado ndiye anayepika, au mmerudia mkate na mayai? Mama ananiuliza kila Jumapili tukitoka kanisani, nami humwambia kwamba unakula vizuri, kwa hivyo nisaidie nisiwe mwongo.

Sisi hapa hatujambo. Mvua imenyesha vizuri na chai inachipuka kuliko mikono tuliyo nayo ya kuchuma. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Binti yangu Chepchumba ameng'oka meno ya mbele na sasa hataki kuimba kwaya. Kogo, nyanya yetu, anatembea na kile kifaa chake cha chuma, na kikikwama kwenye nyasi anakigombeza kama mtu. Macho yake pia yametengenezwa. Nitafika hapo.

Uliponipigia uliniuliza kama ni kweli Mama alienda bungeni, kwa sababu mtu alikutumia kipande cha video. Simu ikakatika kabla sijajibu. Nikaona ni heri nikuandikie, maana hii si habari ya kuelezwa nusu nusu. Na kwanza nikurekebishe: Mama hakwenda bungeni. Bunge ndilo lililokuja kwake, au tuseme kipande cha Bunge.

Unakumbuka Kogo alipoanguka kwenye zizi mwaka jana, msimu wa mvua ndefu. Uliambiwa alivunjika nyonga, akapasuliwa na akapona. Hayo yote ni kweli. Ambalo hukuambiwa, kwa sababu Mama alikataza, ni kwamba upasuaji ulichelewa, na sababu ya kuchelewa ilikuwa Mama mwenyewe.

Mimi nilikuwa shuleni nikisimamia mitihani. Mama na Beldina, jirani yetu wa dukani, walimpakia Kogo kwenye pikapu ya Beldina wakamfikisha hospitali. Daktari akasema apasuliwe haraka. Lakini Kogo kwa maumivu alikuwa ameanza kuongea na marehemu mume wake, asingeweza kutia sahihi ya kukubali. Wakamwita jamaa wa karibu. Mama akasimama.

"Wewe ni nani wake?" akaulizwa pale kwenye dirisha.

"Mimi ni mke wake."

Yule aliyekuwa dirishani akadhani ni Kiswahili kimemshinda. Akamsaidia: binti yake? Mke wa mtoto wake? Mama akarudia lile lile, kwamba yeye ni mke. Beldina anasema watu kwenye foleni waligeuka kuangalia, na kijana mmoja akacheka. Mwishowe Mama akaambiwa kwa upole, lakini akaambiwa, alete mtu wa familia ya kweli.

Basi wakamtafuta Nicholas, mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa Kogo, ambaye unajua anaishi Nakuru. Nicholas alikuja kesho yake jioni. Alitia sahihi bila maneno, akamsalimia Kogo, akaondoka. Muda huo wote Mama alikaa kwenye benchi la nje, na Kogo alikuwa ndani akimlilia Mama kwa jina. Beldina alimletea chai lakini hakuinywa.

Kogo alipona, lakini Mama alinyamaza. Unamjua Mama, yeye akikasirika utasikia masufuria. Mara hii sikusikia chochote. Alikamua, alichuma chai, alimwogesha Kogo, akanyamaza hivyo karibu msimu mzima. Siku moja tukiwa tunachambua maharagwe akaniuliza, "Nelvine, kama mimi si familia ya hii boma, nyinyi ni watoto wa nani?"

Mimi ni mwalimu, nimezoea kujibu, na pale nilibaki nikichambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Aliyepata jibu ni Beldina. Kwenye chama chao cha kina mama kulikuwa na mafunzo kuhusu haki za wananchi, na huko alisikia kwamba mtu yeyote anaweza kuandika ombi kwa Bunge, hata kama hana wakili. Mama alikataa. Beldina hakumwacha. Alikuja Jumamosi, akaja Jumamosi iliyofuata, akakaa jikoni na kusema, "Janeffer, hata kama hawatakupa kitu, wacha wajue uko." Mama akaniita niandike. Tukaeleza yaliyotokea, tukaomba mambo mawili: kwamba mgonjwa aruhusiwe kumtaja mtu anayemtaka asimame kwa niaba yake, na kwamba mke aliyeolewa na mwanamke kwa mila yetu atambuliwe hospitalini kama mke. Kina mama wa chama wakatia sahihi.

Nilidhani karatasi ile itapotea. Haikupotea. Kwanza makarani wa Bunge waliikagua kuona kama imeandikwa inavyotakiwa, wakairudisha kwa sababu tulisahau kusema kwamba jambo lenyewe haliko mahakamani. Tukaongeza. Kisha Spika akalisoma ombi mbele ya wabunge wote na kulipeleka kwa kamati inayoshughulikia mambo ya jamii na usawa wa kijinsia. Tulimsikia kwenye simu ya Beldina. Jina la Mama alilitamka vibaya, lakini Mama alisimama jikoni mpaka akamaliza kusoma.

Kabla ya hapo sikuwa nikijua kamati ni kitu gani. Nilifikiri kazi ya Bunge ni ule ukumbi tunaouona kwenye televisheni, watu wakirushiana maneno. Kumbe kazi nyingi inafanywa na hivi vikundi vidogo, wabunge wa vyama mbalimbali wakiketi meza moja, wakiita watu, wakiuliza maswali, halafu wakiandika ripoti. Haya nilielezwa na Gekara, karani wa kamati. Ni kijana mpole wa Kisii, na ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba kamati itafanya kikao mjini Kericho na inataka kumsikia Mama.

"Na Kogo?" nikamuuliza.

"Na yeye, kama anaweza kusafiri. Kamati ingependa kusikia kutoka kwake mwenyewe."

Nikamwambia Kogo hasemi Kiswahili, nitamtafsiria mimi. Gekara akakohoa. "Mwalimu, naomba usikasirike. Wewe ni mtoto wa aliyeleta ombi. Kila neno litakalosemwa linaandikwa kwenye Hansadi, na likishaandikwa linabaki. Tutaleta mtafsiri asiye na upande."

Nilikasirika, ndugu yangu. Nilikasirika siku nzima. Lakini alikuwa na haki.

Kikao kilikuwa mwezi wa tatu, kwenye ukumbi mmoja mjini. Meza zilipangwa kama ukwato wa farasi, wabunge upande mmoja, shahidi peke yake upande wa pili. Pembeni kulikuwa na wale wanaorekodi Hansadi na vidude vyao masikioni, mwanasheria wa kamati, na askari wa Bunge mlangoni akiwa amevaa glavu nyeupe. Kogo alimwangalia yule askari sana. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa lile koti lake la kijani la Krismasi, na kitambaa kichwani, na Mama alikuwa amempaka mafuta mpaka uso unang'aa.

Hatukuanza kwa wakati. Wabunge waliokuwapo hawakutimiza akidi, yaani ile idadi ambayo bila hiyo lolote litakalosemwa halihesabiki. Wengine walikuwa bado njiani kutoka Ndanai, walikokuwa wakiangalia kituo cha kulea wazee. Tukawangojea. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, alishuka akaja kutusalimia kwa mkono na kutuomba radhi.

Mtafsiri aliitwa Phelix Ouko. Ni Mjaluo, lakini baba yake alifanya kazi kwenye shamba la chai, naye akazaliwa humo na kusoma na watoto wetu. Kogo alipoambiwa huyu ndiye atakayesema maneno yake alikunja uso. Phelix akapiga goti moja, akamsalimia kwa Kipsigis, salamu ya kijana kwa bibi, yote mpaka mwisho, na kumuuliza habari za ng'ombe. Kogo akaniambia kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia, "Huyu anaongea vizuri kukushinda."

Mama aliapa kwanza, mkono juu ya Biblia. Kogo alipofikiwa aliuliza kwa nini aapishwe, na bado hajasema uongo wowote. Phelix akatafsiri, mwenyekiti akacheka, na bado Kogo akaapa.

Mama alisimulia mambo ya hospitali kwa Kiswahili chake, polepole, bila kulia. Alipomaliza, mbunge mmoja kijana kutoka mbali na huku akainua mkono.

"Mama, nisamehe nikikuuliza swali ambalo labda ni baya. Wengi wetu hapa hatujui hii mila. Wewe ni mwanamke, na Mama Elmina, huyu mnayemwita Kogo, ni mwanamke. Hii ndoa ni ndoa ya namna gani?"

Nilisikia viti vikilia, watu wakijigeuza. Nilimwangalia Mama, maana hili ndilo swali ambalo mimi na wewe tumelikwepa tangu shule ya msingi.

Mama hakulikwepa. "Si swali mbaya," akasema. "Bwana ya Elmina alikufa na hawakuwa wamepata mtoto. Hiyo nyumba ingeisha. Kwetu, mama kama huyo anaweza kuoa msichana, ili watoto wenye huyo msichana atazaa wakuwe watoto wa hiyo nyumba, waitwe kwa jina ya yule mzee. Elmina alikuja kwa baba yangu na wazee. Alileta ng'ombe. Tukavishwa sinendet, ile mmea ya baraka, mbele ya watu wote. Yeye akasimama kama bwana ya boma, mimi nikasimama kama bibi. Tunaishi kama mama na msichana yake. Nilizaa Nelvine na Kipruto, na wote ni watoto wake kabla wawe wangu. Hiyo ndio ndoa."

"Na uliitaka?" mbunge akauliza. "Au ulipelekwa tu?"

Swali hilo hata mimi sikuwahi kumuuliza. Mama alifikiri. "Nilipelekwa," akasema. "Nilikuwa msichana, niliogopa. Lakini Elmina alinifundisha kila kitu. Hakunipiga hata siku moja. Dada zangu walioolewa na wanaume, hakuna hata mmoja anaweza kusema hivyo. Sasa kama unaniuliza leo, nataka."

Mwenyekiti aliandika kitu. Nilitaka kwenda kumshika Mama mkono, lakini shahidi hashikwi mkono.

Baada yake kamati ikamwita Nicholas. Usishangae. Gekara alikuwa amenieleza kwamba kamati ikisikia upande mmoja tu, ripoti yake haina nguvu, kwa hivyo walitangaza kwamba yeyote mwenye maoni tofauti aje. Nicholas alikuja amevaa suti, akasema maneno yake kwa heshima. Alisema hana ubaya na Janeffer, anamheshimu kwa jinsi anavyomwangalia Elmina. Lakini kanisa halitambui ndoa hiyo, vijana hawaifanyi tena, na Bunge likiiandika leo, kesho kuna watu wataitumia kwa mambo mengine ambayo wazee wetu hawakuyakusudia.

Kogo alikuwa akitafsiriwa pole pole sikioni. Akaomba kusema. Mwenyekiti akamwambia zamu yake itafika. Kogo akasema yeye ni mzee, zamu yake ishafika. Phelix akalitafsiri hilo pia, kama lilivyo, na mwenyekiti akamruhusu.

"Nicholas," Kogo akasema, "mama yako alipokuwa mgonjwa, ulikaa kwangu. Nani alikuwa anakupikia?"

Nicholas akasimama. Akajibu kwa Kipsigis, "Ni Janeffer, Kogo."

"Basi. Keti."

Akaketi. Hakubadilisha maoni yake, na sikutarajia abadilishe. Lakini sauti yake haikuwa tena ile ya suti.

Sasa ndipo lilipokuja lile neno. Mwanasheria wa kamati, dada mmoja mwerevu, aliona mjadala umeanza kuwa mzito. Akasema huenda kuna njia rahisi. Badala ya kuingia kwenye mambo ya ndoa, ripoti ingesema tu kwamba Janeffer ni mtunzaji wa Elmina, na ipendekeze watunzaji wapewe haki ya kutia sahihi hospitalini. Wabunge wengi walitikisa kichwa kukubali. Hata mimi, nikuambie ukweli, niliona ni jambo la busara. Tungepata tulichotaka bila kelele.

Mwenyekiti akamuuliza Mama kama anaridhika.

Mama akasema, "Mimi natunza ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Mwanasheria akaeleza tena, kwa upole, kwamba neno hilo si la kumdharau, ni neno la kisheria, na litamsaidia. Mama akamgeukia Kogo. Phelix alikuwa anatafuta jinsi ya kulisema hilo neno kwa Kipsigis, na nikamwona anahangaika, maana kila alilojaribu lilitoka kama mtumishi. Mwishowe akamwambia Kogo ni mtu anayekuangalia kwa sababu ni kazi yake.

Kogo aliinua mkono kutoka kwenye kile kifaa chake. Akasema maneno machache tu, akarudisha mkono.

Phelix alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, Mama Elmina anasema: Mimi nilioa. Sikuajiri."

Nilisikia vidole vya wale wa Hansadi vikigonga. Mwanasheria aliweka kalamu chini, akamwambia Mama, "Nimekusikia." Mwenyekiti akasema kamati itaenda kulifikiria, akafunga kikao kwa sala. Wakati wa kushuka ngazi, Nicholas na Gekara ndio waliombeba Kogo na kiti chake, mmoja huku na mwingine kule, na Kogo akiwaelekeza kama madereva.

Nilidhani baada ya hapo mambo yatakwenda haraka. Hayakwenda. Kamati ilirudi Nairobi, ikawaita watu wa wizara, wakaja wakaomba muda zaidi, wakaja tena. Kisha wabunge wakajifungia kuandika ripoti. Gekara alinieleza jinsi inavyofanywa, ingawa hakuniambia nani alisema nini, hilo haruhusiwi. Rasimu inasomwa aya kwa aya. Mtu anapendekeza badiliko, mwingine anaunga mkono, kisha wanakubaliana au wanapiga kura. Kwenye ukurasa wetu walikaa asubuhi nzima. Nikamuuliza kama waligombana. Akasema, "Mwalimu, chai iliagizwa mara nyingi."

Ripoti ilifika bungeni mwezi wa saba. Tuliitazama kwa Beldina, dukani, kina mama wote wa chama wakiwa wamekalia magunia. Ukumbi wa Bunge ulikuwa karibu mtupu, na waliokuwamo wengine walikuwa na simu mkononi. Mwenyekiti alisimama na kusema kwa ufupi. Wawili watatu wakachangia. Spika akawaomba wanaokubali waseme ndiyo, wakasema ndiyo. Akaendelea na jambo lingine, la barabara.

"Imeisha?" Mama akauliza.

"Imeisha."

"Hata hawakupiga makofi."

Beldina akapiga makofi yeye, na kina mama wote wakafuata, na mteja aliyekuja kununua chumvi akapiga pia bila kujua ni ya nini.

Sasa nikuambie tulichopata, maana najua utauliza. Ombi la kwanza lilikubaliwa. Kamati ilipendekeza kwamba kila mgonjwa mtu mzima awe na haki ya kumtaja mtu anayemtaka, na hospitali isimuulize kwa nini. La pili, la ndoa, hawakulipendekeza. Walisema linahitaji kuchunguzwa na watu wa sheria, wakalipeleka kwao, na huko liko mpaka leo. Na hata lile la kwanza ni pendekezo. Bado wizara haijatuma waraka. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji Mama.

Gekara alinitumia ripoti kwenye simu, nikaenda kuichapisha sokoni. Nikamsomea Mama jikoni, nikimtafsiria pale Kiswahili kilipokuwa kigumu. Nilipofika kwenye mapendekezo akauliza, "Na ile neno?"

Nikarudi nyuma, kwenye kurasa zinazoeleza ushahidi. Sehemu hiyo hawawezi kuibadilisha, lazima waandike shahidi alichosema. Nikamsomea: kwamba kamati ilimsikia Bi. Janeffer, mke wa Bi. Elmina kwa mila ya Wakipsigis. Mahali pote alipotajwa, kuanzia hapo hadi mwisho, wamemwita mke. Neno mtunzaji halimo. Yule mwanasheria alilitoa lote.

"Soma tena," Mama akasema.

Nikasoma tena. Akasikiliza akiwa ameshika mlango. Kisha akachukua ndoo akaenda kukamua, na baada ya muda nikamsikia anamwimbia yule ng'ombe mweusi wimbo wa kanisani, sauti ya juu kabisa, kama zamani.

Mwezi uliopita tulimpeleka Kogo kutolewa mtoto wa jicho. Nilikwenda nikiwa tayari kupigana, na ripoti nimeikunja kwenye mkoba. Muuguzi alimuuliza Kogo nani asimame naye, Kogo akamwonyesha Mama. Muuguzi akamwangalia Mama, ambaye sauti yake ilikuwa imesikika redioni baada ya kile kikao, akamwuliza, "Wewe si ndiye yule wa redio?" Basi. Mama alitia sahihi yake, ile ya herufi kubwa, akachukua muda wake wote. Walipomfungua Kogo bandeji kesho yake, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba Mama amezeeka na hakuna mtu aliyemwambia.

Nicholas huja siku hizi, karibu kila mwezi. Analeta sukari, anakaa na Kogo kibarazani, wanaongea habari za mvua. Lile jambo hatulitaji. Juzi aliondoka akasema, "Msalimie mama yako," na akamaanisha Mama, yule yule ambaye ndoa yake aliipinga.

Ndio hivyo. Tumeridhika, ingawa hatukupata yote. Lakini tangu niliposoma ile ripoti kuna jambo linanisumbua, nami nataka unijibu. Huko uliko, ukiugua ghafla, wameandika nani kwenye karatasi zako? Wamwite nani? Mama alipoulizwa na kamati ya Bunge yeye ni nani, alijibu bila kusita, na wewe siku zote hutuambia hizo karatasi utazijaza ukipata nafasi. Usiache pengo pale. Andika jina la Mama. Wakikuuliza uhusiano, waambie ni mama yako, na chini yake andika la Kogo. Wakikuuliza huyu naye ni nani, waambie huyu ndiye aliyeoa ili wewe uzaliwe. Wakishindwa kuelewa, waambie wanipigie, nina nafasi ya kueleza.

Wanakusalimu wote: Mama, ambaye amesimama nyuma yangu akitaka kujua nimeandika nini; Kogo, anayesema sasa anaweza kuona picha zako na kwamba umekonda; Chepchumba na pengo lake; Beldina na chama kizima. Nasi tunamsalimu Eliakim, na tunamshukuru kwa kupika.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka kwenda kazini, akuzungushie watu wema, na siku utakayoona imetosha, akulete hadi kwenye lango letu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, wa nyumba moja na wewe,

Nelvine